Kompyuta ya mwaloni: Linux nyepesi, diski inayokufa na flashi iliyosahaulika

Majina ya watu, ya kikundi na ya mwalo nimeyaondoa. Mashine, makosa na mpangilio wa siku nimeviacha kama vilivyokuwa. Nawaandikia mafundi wenzangu, hasa wanaoanza kufunga Linux, mfumo endeshi mbadala wa Windows, kwenye kompyuta za zamani za vikundi, shule na maduka ya huku kwetu.

Usuli

Kikundi ni cha wanawake 23 wanaoanika na kuuza dagaa kwenye mwalo mmoja wa Ilemela, Mwanza. Alfajiri mitumbwi inaporudi wananunua, mchana wanaanika kwenye vichanja, jioni wanafunga magunia. Kila mmoja ana hisa, wengi wana mikopo, na hesabu yote imo kwenye kitabu kimoja cha Excel ambacho katibu wao amekuwa akikijaza tangu 2016.

Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukikaribia kujaa, taa haziwavuti tena dagaa kama inavyotakiwa, na mitumbwi hupumzishwa ufukweni. Siku hizo za mbalamwezi ndizo kikundi hukutana, kupokea marejesho na kutoa mikopo mipya. Wakati wa giza kompyuta inaweza kukosekana wiki nzima na kazi ikaenda kwa daftari la karatasi. Mbalamwezi ikifika bila kompyuta, hakuna anayekopeshwa.

Mwenyekiti aliponipigia alikuwa wazi. "Mwanangu, mwezi ukijaa tunakutana. Tumebakiwa na siku kumi na moja. Mashine inatumia muda wote kuwaka, na katibu anasema mafolda yamegeuka." Nikamwambia, "Nimekuelewa mama, nileteeni kesho." Ikaja kwa bajaji, imefungwa kwenye kanga.

Mashine ilivyofika mezani

Kompyuta ya mezani, prosesa ya Core 2 Duo, RAM ya GB 1, diski ya SATA ya GB 80, na Windows 7. Microsoft iliacha kuitengenezea Windows 7 masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Januari 2020, na hiyo GB 1 ndiyo RAM ya chini kabisa iliyotajwa kwa toleo lake la biti 32. Yaani mashine ilikuwa inaishi kwenye kima cha chini tangu siku ya kwanza, kabla hata ya virusi. Virusi vyenyewe vilikuwa vile vya flashi: vinaficha folda halisi na kuweka mahali pake njia ya mkato yenye jina lilelile.

Nilipoiwasha ilisimama kwenye maandishi ya BIOS, programu ya kwanza kuamka kompyuta inapowashwa, yakinitaka nibonyeze F1. Saa yake ilisoma mwaka 2007. Katibu aliniambia amekuwa akibonyeza F1 kila asubuhi kwa zaidi ya mwaka. Alijua ndivyo kompyuta inavyowashwa. Niliweka tarehe sahihi kwa mkono, nikajiambia betri ya saa nitaibadilisha baadaye. Ishike hiyo, tutairudia.

Niliitoa diski nikaiunganisha na laptopi yangu kwa waya wa SATA kwenda USB, nikaiuliza hali yake kwa programu ya smartctl. Diski hujiwekea kumbukumbu za afya yake, na mistari miwili ndiyo ninayoiangalia kwanza. Namba 5 ni sekta zilizoharibika ambazo diski imekwisha kuzihamishia kwenye akiba yake. Namba 197 ni sekta zinazosubiri: diski imejaribu kuzisoma ikashindwa, na bado haijaamua izifanyeje. Ya kwanza ilisoma 14, ya pili 9.

Kuokoa daftari kwanza

Hapa sikuyumba. Diski yenye sekta zinazosubiri haifunguliwi folda moja moja kutafuta faili, kwa sababu kila usomaji unaweza kuwa wa mwisho. Nilichukua picha ya diski nzima kwa ddrescue. Programu hii huchota kwanza sehemu zote zinazosomeka bila shida, huandika ramani ya zilizokataa, kisha huzirudia hizo chache mwishoni. Ukikatikiwa na umeme katikati, inaanzia pale ilipoishia kwa kufuata ramani. Niliiacha usiku kucha. Asubuhi, katika GB 80 kilichokataa kabisa hakikufika hata kilobaiti 40, na kilikuwa ndani ya picha za sherehe fulani.

Nilifungua nakala hiyo ndani ya Linux. Folda zilizofichwa na virusi zilionekana zote, kwa sababu alama ya kuficha ni ya Windows na Linux haikuijali. Kitabu cha hesabu kilikuwepo. Sikutosheka kuona jina la faili tu. Nilimwita katibu, tukakifungua pamoja kwenye LibreOffice, programu ya ofisi inayofungua faili za Excel, akalinganisha kurasa tano na daftari la karatasi. Zote zilikubaliana. Nakala moja nikaiweka kwenye laptopi, ya pili kwenye flashi aliyoondoka nayo mkobani.

Kuchagua mfumo

Fundi mwingine angepiga Windows upya na kumaliza kwa saa mbili. Ila ingekuwa mashine ileile ya GB 1, mfumo usiopata masasisho, na flashi zilezile za mwaloni zenye virusi vilevile. Nilieleza hivyo, mwenyekiti akauliza swali moja tu: "Katibu ataweza?" Katibu alisema akionyeshwa ataweza.

Nilipima mifumo mitatu ya Linux. Puppy, iliyoanzishwa na Barry Kauler wa Australia mwaka 2003, ni nyepesi mno na hukaa yote ndani ya RAM. Naipenda kwa kuokolea mashine. Lakini mtumiaji wake wa kawaida ni root, mwenye mamlaka yote, na kompyuta hii inaguswa na watu wanne. Sikutaka kidole kimoja kiweze kufuta kila kitu. Lubuntu ni nzuri, ila kwa RAM ile ingeanza kuhema mara LibreOffice inapofunguka. Nikabaki na antiX 23, iliyojengwa juu ya Debian 12, Linux kubwa ambayo nyingine nyingi hutokana nayo. Mfumo wenyewe ukitulia unatumia RAM kidogo sana, toleo lake kamili linakuja na LibreOffice ndani, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuchoma bando kuipakua.

Lilibaki suala la biti 32 au 64. Biti 32 hula RAM kidogo zaidi, na wengi hukimbilia huko wakiona mashine ni ya zamani. Lakini Core 2 Duo inabeba biti 64, na Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kifungio (programu ya kufunga mfumo) cha kompyuta za biti 32. Kumfunga mtu kwenye njia inayoishia karibu, wakati mashine yake inaweza kupita njia nyingine, si haki. Nikachukua biti 64, nikaongeza kipande cha RAM cha GB 1 kwa shilingi 10,000 ili zifike GB 2.

Kufunga mara ya kwanza, kwenye diski ya zamani

Nilimpigia mwenyekiti nikamwambia diski imechoka, nashauri tununue ya mtumba ya GB 160 kwa shilingi 30,000. Akaniuliza, "Hiyo iliyopo, si inasoma bado?"

"Inasoma, mama."

"Basi tuianze na hiyo. Fungu la matengenezo ni dogo, nyingine tutanunua tukikutana."

Nikakubali. Nilifuta kila kitu, nikafunga antiX, kazi ikachukua kama nusu saa, na mashine ikawaka haraka hadi nikaipigia picha. Kesho yake kioo kikaganda katikati ya kuandika. Nikaizima, nikaiwasha, baada ya saa moja ikaganda tena. Kumbukumbu za kerneli, kiini cha Linux, zilijaa mistari ya kushindwa kusoma sda, jina ambalo Linux iliipa diski hiyo, na namba 197 ilikuwa imepanda kutoka 9 hadi 61. Diski inaposhindwa kusoma sekta hurudia na kurudia kabla ya kukata tamaa, na muda wote huo programu inayongoja faili husimama. Kwa anayetazama kioo, kompyuta imeganda tu.

Siku tatu zikawa zimepotea. Nilimpigia tena, safari hii nikamwambia alichopaswa kuambiwa mwanzo: diski inakufa, sitaweka hesabu za watu 23 juu yake hata kwa siku moja. Alituma fedha ndani ya dakika kumi, bila ubishi.

Kufunga mara ya pili, na flashi niliyoisahau

Diski ya mtumba ya GB 160 niliipima kabla ya kulipa, mbele ya muuzaji: namba 5 sifuri, namba 197 sifuri, na jaribio refu la smartctl likapita. Nikaigawa kwa MBR, mpango wa zamani wa kugawa diski, kwa kuwa BIOS ya mashine ni ya kizamani: GB 20 za mfumo, GB 2 za swapu (akiba ya RAM kwenye diski), na zote zilizobaki ni /home, sehemu ya faili za watumiaji. Kuitenga /home kunasaidia siku mfumo ukiharibika. Utafungwa upya kwenye zile GB 20, na kitabu cha hesabu hakitaguswa.

Mwishoni kifungio kinauliza kiwashio, GRUB, yaani programu ndogo inayoanzisha mfumo, kiandikwe kwenye diski ipi. Mara ya kwanza diski ilikuwa sda na flashi sdb. Kwa mazoea nikaacha sda. Sikutazama kwamba safari hii majina yalikuwa yamegeuka: flashi ndiyo ilikuwa sda. Herufi hizo si mali ya diski. Kerneli huzigawa kwa jinsi inavyovikuta vifaa wakati wa kuwaka, na vinaweza kubadilishana. Sehemu za mfumo nilizichagua kwa ukubwa, kwa hiyo zilikaa mahali pake. Kiwashio peke yake kikaenda kukaa kwenye flashi.

Nilipoiwasha upya, antiX iliyofungwa ikafunguka vizuri. Flashi ilikuwa bado imechomekwa nyuma.

Alama ya kosa ilikuwepo hapohapo. Mashine ilikuwa imepangwa kuanzia USB. Kwa flashi ikiwa ndani, ilipaswa kunionyesha menyu ya flashi, ile ya kujaribu mfumo bila kuufunga. Badala yake ikaingia moja kwa moja kwenye mfumo wa diski, mimi nikafurahi. Sikujiuliza imepitia wapi.

Jumamosi jioni niliipeleka mwaloni. Umeme haukuwepo, kwa hiyo nikaunganisha waya, nikamkabidhi katibu, nikarudi mjini na flashi mfukoni. Saa mbili usiku simu ikaita.

"Kaka, samahani kwa saa hizi. Umeme umerudi, nimewasha, inasema haioni mfumo."

"Umebonyeza F1?"

"Nimebonyeza. Baada ya hapo ndiyo imeandika hivyo, imenyamaza."

Jumapili asubuhi nilikuwa kule. Nikachomeka flashi, mfumo ukawaka, na hapo ndipo nilipoelewa. Nikafungua terminali nikaandika:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,TRAN

Amri hiyo huorodhesha kila diski kwa jina, ukubwa, modeli na njia iliyounganishwa nayo. Iliyoandikwa sata na GB 160 ndiyo ya ndani, iliyoandikwa usb ni flashi. Hapo diski ilikuwa sdb. Nikaandika sudo grub-install /dev/sdb, kisha sudo update-grub, nikazima, nikachomoa flashi na kumpa katibu aishike mkononi, nikawasha. Ikawaka. Tukarudia mara mbili zaidi, ya mwisho kwa kuchomoa waya wa umeme ukutani mfumo ukiwa unafanya kazi. Ext4, mfumo wa faili wa diski hiyo, ilisoma jarida lake la mabadiliko, ikajirekebisha, ikafunguka.

Na saa? Waya ulipochomolewa ilirudi 2007. Nikaiweka sawa kwa mkono. Tena.

Mkutano

Usiku wa kuamkia mkutano umeme ulikatika. Asubuhi katibu alifungua kitabu cha mikopo, na safu ya siku tangu mkopo utolewe ikaonyesha hasi elfu sita na zaidi kwa kila mwanachama. Fomula inachukua tarehe ya leo na kutoa tarehe ya mkopo. Na leo, kwa mashine hiyo, ilikuwa Januari 2007. Riba zote zikawa hasi. Kwa hesabu hiyo, kikundi kilikuwa kinadaiwa na wakopaji wake.

Katibu hakuchapisha chochote. Alitazama kona ya kioo, akaona mwaka, akanipigia. Nilimwelekeza kuweka tarehe, namba zikarudi, mkutano ukaanza ukiwa umechelewa dakika arobaini, akina mama wamekaa juani. Mchana nilifika na betri ya CR2032 ya shilingi 1,500. Kuibadilisha kulichukua dakika tatu. Tangu siku hiyo hakuna tena F1.

Matokeo

Kutoka kubonyeza kitufe hadi kitabu kufunguka, zamani katibu alikuwa akihesabu zaidi ya dakika sita; sasa ni chini ya dakika moja na nusu. Kwenye kioo ana alama tatu nilizoziandika kwa Kiswahili: HESABU, BARUA, ZIMA. LibreOffice hujihifadhia nakala ya uokoaji kila baada ya dakika 2 badala ya 10, kwa sababu ya umeme. Kitabu kilibaki katika muundo wa Excel, maana mhasibu wanayempelekea mwisho wa mwaka anatumia Windows. Mwandiko (fonti) wa Calibri haumo, LibreOffice imeweka Carlito wenye upana uleule wa herufi, hivyo kurasa hazikuvunjika. Flashi za mwaloni zinaendelea kuja na virusi vyake. Programu zile za Windows hazipati pa kuendeshea.

Gharama ya vifaa ilikuwa shilingi 41,500.

Uchambuzi

Kilichookoa kisa hiki kilifanyika siku mbili za mwanzo, kabla ya Linux yoyote. Kama ningeingia na flashi nikafuta diski palepale, hesabu za tangu 2016 zingekuwa zimekwenda, na uzuri wa antiX usingemsaidia mtu. Ile ya kumwita katibu alinganishe kurasa na daftari lake ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote. Faili inaweza kuwa na jina sahihi, ukubwa sahihi, na ndani isifunguke. Mwenye hesabu ndiye pekee anayeweza kusema imepona.

Kuhusu diski ya zamani, wengi niliowasimulia husema kosa lilikuwa la mwenyekiti, alibana fedha. Sikubaliani. Yeye aliuliza kama diski inasoma, nami nikajibu swali alilouliza. Jibu lilikuwa kweli na halikumsaidia. Yeye ni mtu wa dagaa: ukimwambia gunia lina unyevu katikati, anajua halifiki sokoni hata kama juu limekauka. Ningemwambia kwa lugha hiyo, angetoa shilingi 30,000 siku ya kwanza, na ushahidi ni kwamba nilipomweleza vizuri alizitoa papo hapo. Namba 9 kwenye mstari wa 197 ilitosha kukataa kazi. Diski ya faili za kuchezea unaweza kuivumilia ukiwa na nakala. Diski ya fedha za watu, hapana.

Kosa la GRUB lina sura mbili. Ya kwanza ni kuamini herufi. Siku hizi siandiki sda wala sdb mahali popote kabla sijaona modeli na ukubwa kwa lsblk, na mara nyingi, kifungio kikiruhusu, nachomoa kila kifaa kingine cha USB ili orodha iwe fupi. Ya pili ni jaribio lenyewe. Nilijaribu mashine ikiwa katika hali ambayo mwenyewe hatakuwa nayo kamwe: flashi yangu nyuma yake, umeme wa meza yangu usiokatika. Kompyuta ya mwaloni ilipaswa kujaribiwa kama itakavyoishi mwaloni, bila flashi, ikiwa imechomolewa umeme na kukaa usiku mzima baridi. Jaribio hilo moja lingefichua kiwashio na betri kwa pamoja, kwa sababu mezani kwangu ilikuwa imechomekwa muda wote, na umeme wa ukutani ndio uliokuwa ukiishikilia ile saa.

Betri ndiyo inayoniuma. Kosa la GRUB lilikuwa la kutotazama. La betri nililitazama mara mbili, nikaliona, nikaliahirisha kwa kuwa ni dogo. Mafundi tuna tabia ya kuhesabu saa ya BIOS kama urembo. Kwa mashine isiyo na intaneti hakuna kitu kingine cha kuiambia leo ni lini, na kila riba, risiti na tarehe ya faili inategemea hapo. Hata ukiipa intaneti kwa waya wa simu, ikiwa saa iko 2007 tovuti nyingi zitakataa kufunguka kwa kuwa vyeti vyao bado havijaanza kutumika, na apt, programu ya kupakua programu na masasisho, nayo itakataa orodha za Debian kwa sababu hiyohiyo.

Uchaguzi wa mfumo, jambo ambalo watu hulijadili zaidi, ulileta tofauti ndogo kuliko nilivyotarajia. Pengine mfumo mwingine mwepesi ungefanya kazi hiyohiyo. Kilichomfanya katibu auzoee ndani ya siku mbili ni kwamba kitabu chake kilifunguka kikiwa na rangi zake, safu zake na nenosiri lake.

Nilirudi mbalamwezi iliyofuata. Namba 5 sifuri, 197 sifuri, saa iko sawa kwa tofauti ya sekunde chache. Ukutani, juu ya kompyuta, katibu alikuwa amebandika karatasi kwa mwandiko wake: chomoa flashi kabla ya kuwasha, angalia mwaka kabla ya kufungua HESABU, nakala kwa mkoba kila Ijumaa. Mstari wa mwisho sikumfundisha mimi.